Anayejua simu na anayejua somo

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, pita kwenye steshenari yoyote iliyo karibu na stendi, iwe Morogoro, Mbeya au Tabora. Foleni utakayoikuta ni ya vijana waliomaliza kidato cha sita juzijuzi, wengi wakiwa na simu janja yenye nguvu kuliko kompyuta ya dukani. Anayewahudumia mara nyingi ni mtu mzima kuliko wao. Ndiye anayewafungulia barua pepe, anaskani cheti cha kuzaliwa, anapunguza ukubwa wa picha mpaka mfumo uikubali, anajaza fomu, na mwisho anaandika nywila kwenye kipande cha karatasi ambacho mwenyewe atakipoteza kabla ya wiki kuisha. Kenya mambo ni hayohayo, ila huko wanaenda saiba, kwa ajili ya HELB, bodi yao ya mikopo, na KUCCPS, wanaopanga nafasi za vyuo.

Jioni kijana huyohuyo atakata video ya nusu dakika, aipachike muziki na maandishi, airushe TikTok bila kumuuliza mtu. Sasa tuseme anajua teknolojia, au hajui?

Ukimuuliza mwalimu wa zamani atakwambia watoto wa siku hizi wamezaliwa nayo, sisi tumeikuta ukubwani. Kauli hiyo imesemwa mara nyingi mpaka hakuna anayeihoji. Ina asili yake, na inafaa tuijue, kwa sababu sera za elimu, bajeti za vifaa na hata heshima ya mwalimu darasani vimejengwa juu yake.

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky, mwandishi na mbunifu wa michezo ya kompyuta ya kujifunzia, alichapisha makala mbili fupi zilizowagawa watu makundi mawili. Waliokulia kwenye kompyuta, simu na michezo ya video aliwaita wenyeji wa ulimwengu wa dijitali. Waliouingia wakiwa watu wazima ni wahamiaji, na mhamiaji, alisema, hata ajifunze vipi habanduki na lafudhi yake. Mfano wake mmoja ulikuwa wa mtu anayechapa barua pepe kwenye karatasi ndipo aisome. Akaenda mbali zaidi: akadai kuwa wanafunzi hawa wanafikiri kwa namna tofauti na wakubwa wao, wanapokea mambo mengi kwa mpigo, na kwamba tatizo kubwa la elimu ni wahamiaji kuwafundisha wenyeji kwa lugha iliyokwisha kupitwa.

Hoja hiyo ilisambaa kwa kasi, na si ajabu. Ilikipa jina kile kinyongo ambacho kila mwalimu alikuwa nacho pale mwanafunzi alipomzidi kwa kubonyeza. Tena iliwafaa sana wauza vifaa. Kama mtoto ni mwenyeji tayari, kazi iliyobaki ni kumpa kifaa tu.

Kilichofuata ni watafiti kwenda kutafuta wenyeji hao na kutowapata. Mwaka 2008 Sue Bennett, Karl Maton na Lisa Kervin wa Australia walipitia ushahidi uliokuwepo wakaona ni mwembamba mno. Vijana walitofautiana wao kwa wao kuliko ilivyodhaniwa, kwa kipato cha nyumbani, kwa kile walichokuwa wanakitumia na kwa sababu za kukitumia. Wakauita mjadala mzima aina ya taharuki ya kijamii. Mwaka 2017 Paul Kirschner na Pedro De Bruyckere waliandika bila kupindisha maneno kwamba mwanafunzi wa namna hiyo, mwenye uwezo wa pekee wa kuchakata taarifa kwa sababu ya mwaka aliozaliwa, hayupo. Akili ya kijana anayesoma huku anachati haifanyi mambo mawili kwa pamoja. Inaruka kutoka hapa kwenda pale, na kila mruko una gharama yake. Prensky mwenyewe kufikia mwaka 2009 alikuwa ameanza kuzungumzia zaidi hekima ya kutumia teknolojia kuliko mwaka wa kuzaliwa.

Kuna kipimo kimoja kinachosema mengi. Shirika la kimataifa la kupima elimu, IEA, huwapima wanafunzi wa mwaka wa nane wa shule katika nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa kwenye nchi tajiri zenye kompyuta kila kona. Hawaulizwi maswali ya nadharia. Wanapewa kazi za kufanya kwenye kompyuta, kama kutafuta taarifa, kupima kama inaaminika, kutengeneza tangazo au wasilisho. Kwenye matokeo ya mwaka 2018 waliofika ngazi ya juu kabisa walikuwa asilimia 2. Karibu asilimia 18 hawakufika hata ngazi ya chini. Hao ndio waliozaliwa nayo.

Msamiati uliokuja kunisaidia zaidi ni wa David White na Alison Le Cornu, mwaka 2011, ambao waliacha kabisa habari ya umri. Walisema mtandaoni mtu anaweza kuwa mgeni au mkazi. Mgeni anaingia akiwa na shida maalumu, anachukua alichokifuata, anatoka. Mkazi anaishi humo, ana marafiki humo, anaacha alama zake. Na mtu mmoja anaweza kuwa mkazi sehemu moja na mgeni sehemu nyingine. Kijana wa steshenari ni mkazi wa TikTok na mgeni kabisa kwenye barua pepe na fomu. Mama mtu mzima anayeongoza kundi la WhatsApp la ukoo, anayejua nani amechangia msiba na nani bado, ni mkazi kamili, ingawa ukimwonesha jedwali la Excel atakuomba msamaha.

Hata hivyo sitaki kuutupa umri wote. Kuna kitu ndani yake, ila hakihusiani na ubongo.

Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kizazi hakifanywi na tarehe za kuzaliwa pekee. Kinafanywa na matukio ambayo watu wameyapitia pamoja wakiwa bado wanaumbika. Tukiitazama Afrika Mashariki kwa jicho hilo, mambo yanakaa sawa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama. Marufuku ililegezwa taratibu baadaye. Televisheni nayo, Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa imeshaanza kurusha ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962. Kwa hiyo wachukue walimu watatu waliozaliwa mwaka 1965: mmoja Nairobi, mmoja Unguja mjini, mmoja Singida. Umri ni mmoja, lakini kioo cha kwanza chenye picha inayotembea kila mmoja alikiona katika hatua tofauti kabisa ya maisha yake. Yule wa Singida huenda alikuwa tayari ana darasa lake na watoto wawili.

Nyaya za intaneti za baharini nazo zilifika pwani yetu mwaka 2009, Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, kwa bei ya kukimbiza watu. Aliyeanza chuo mwaka 2005 na aliyeanza 2012 hawapishani hata miaka kumi, ila mmoja alipanga foleni ya kompyuta za maktaba na mwenzake alisoma makala kwenye simu kitandani. Na mpaka leo, mtoto wa miaka 14 wa kijiji kisicho na umeme, ambaye nyumbani simu ni moja ya kitochi na anaondoka nayo baba, kwa mambo ya kompyuta yuko karibu zaidi na babu yake kuliko na rika lake la Mikocheni, Dar es Salaam.

Tena wazee wetu hawakuwa watu wasiojifunza kwa mashine. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, kwa muda wa wiki 12. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Ukiangalia ile redio yenyewe, hakuna cha ajabu. Ajabu ilikuwa kwenye viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu, waliofundishwa kabla, wakijua redio ikizimwa wao wanaanzia wapi. Nikisikia leo mtu anatangaza kishikwambi kitabadilisha elimu, huwa natafuta wale viongozi wa vikundi wako wapi kwenye mpango wake.

Halafu kuna M-Pesa, ambayo peke yake ingetosha kuizika nadharia ya wahamiaji. Ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na ndani ya miaka michache bibi aliyekuwa hajawahi kugusa kompyuta alikuwa anapokea, anatuma, anaangalia salio na kugombana na wakala juu ya makato. Alijifunzaje? Kwanza alikuwa na haja: hela ya mjukuu iko humo. Pili, njia ilikuwa fupi na haibadiliki. Ukishajua namba za kubonyeza, leo ni zilezile za jana. Halafu palikuwa na wakala, mtu mwenye uso, anayekaa palepale kila siku, anayeweza kuulizwa jambo moja mara tano. Programu nyingi za elimu hazina hata kimoja kati ya hivyo. Kila zikisasishwa kitufe kinahama, na wa kuulizwa hayupo.

Lakini tazama pia sehemu ambayo bibi hakujifunza. Mara nyingi namba yake ya siri anaijua mjukuu. Na hapa tufike karibu kidogo, maana ndipo ufundishaji kati ya vizazi unapoharibikia, majumbani na hata kwenye ofisi za walimu.

Mtu mzima anauliza: hii picha naitumaje kwa shangazi yako? Kijana anasema, lete. Anaichukua simu, vidole vinapita mara nne, sekunde sita, anairudisha: tayari. Kila mmoja ameridhika. Picha imefika. Kilichofundishwa ni kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba linawezekana kwa kijana. Kesho swali litarudi lilelile, kijana ataanza kuvuta pumzi kwa nguvu, na mzee atahitimisha kuwa kichwa chake kimegoma. Hakijagoma. Hakupewa nafasi hata ya kugusa.

Anayetaka kumfundisha mtu mzima kweli huiacha simu mkononi mwa mwenye simu, hata kama inachosha, na inachosha. Anasema bonyeza pale, anasubiri. Akikosea, anamwonesha njia ya kurudi nyuma kabla ya njia ya kwenda mbele, kwa sababu kinachomtisha mtu mzima ni kuharibu: kufuta, kutuma kwa asiyehusika, kukatwa hela. Kisha hatua zinaandikwa kwenye karatasi kwa maneno yake mwenyewe. Wanasaikolojia wanajua tangu miaka ya 1960 kwamba kasi ya kushughulikia jambo jipya hupungua kadiri umri unavyosogea, huku hazina ya maarifa na maneno ikidumu au hata kukua. Kwa hiyo kijana ataijua programu mpya kwa kuipapasa. Mtu mzima anataka kujua kwanza inafanya nini na kwa nini. Ukishampa hiyo ramani, anaenda. Ukimpa ishara za vidole bila ramani, umempa mashairi ya lugha asiyoijua ayakariri.

Kwa mwalimu hili lina uzito zaidi, kwa sababu yeye anajifunza mbele ya watu. Projekta imegoma. Wanafunzi 70 wanamtazama. Yuko mmoja nyuma kule anayejua kwamba ni waya haujaingia vizuri, na anatabasamu. Kwa mwalimu wa miaka 27 hiyo ni dakika ya kicheko. Kwa mwenye miaka 55, aliyejenga jina katika shule hiyo kwa kutokosea ubaoni, ni dakika ndefu sana. Wengi wanaosemwa wanaikataa teknolojia, kwa ninavyoona mimi, wanachokataa ni kupapasa hadharani. Mpe mwenzake wa mezani amfundishe mchana chumba cha walimu kikiwa kitupu, utashangaa. Badala yake tunampeleka semina ya siku mbili makao makuu ya wilaya, ambako mtoa mada anasoma slaidi, na ambako, tuseme ukweli, posho ndiyo inayokumbukwa.

Ndiyo maana miradi mikubwa ya vifaa imetoa matunda machache kuliko ahadi zake. Kenya iliahidiwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza kwenye kampeni za mwaka 2013. Zikageuka vishikwambi, vikaanza kusambazwa mwaka 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikafika kwenye shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Usambazaji wenyewe ulikuwa kazi kubwa na ulifanyika. Lakini habari zilizofuata kwa miaka zilikuwa za makabati yaliyofungwa kwa kuogopa wezi, umeme usiotosha, na walimu wasiojua wakitie wapi kifaa kwenye ratiba. Tanzania nayo, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Kifaa kilimfikia mwalimu. Namna ya kukiingiza kwenye andalio la somo la dakika 40 ikabaki shughuli yake binafsi. OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, waliopima nchi hizo, walisema mwaka 2015 kwamba nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule hazikuonesha maendeleo ya maana kwenye kusoma, hisabati wala sayansi.

Kumpa mwalimu kijana vifaa hivyo hakumalizi tatizo pia. Chukua hesabu moja ya kutoa: 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Mtoto wa darasa la tatu anaandika 376. Programu ya mazoezi kwenye kishikwambi inatoa alama nyekundu: si sahihi, jaribu tena. Mtoto anajaribu, anapata 376 tena, kwa sababu hajabahatisha. Ana utaratibu wake. Mwalimu kijana, hodari wa vifaa, anaona nyekundu tatu na kurekodi kuwa mtoto ni dhaifu. Mwalimu aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka 20 analitazama hilo 376 na anajua palepale. Mtoto anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, popote zilipo: 8 na 2 anapata 6, 7 na 0 anapata 7, 4 na 1 anapata 3. Hajui kukopa, na sifuri ya katikati inamtisha. Dawa yake ni vijiti na mafungu ya kumi, siku mbili. Zoezi la kumi na moja kwenye kioo halitamsaidia.

Maarifa ya namna hii hayapo kwenye somo lenyewe, maana hata mhandisi anajua kutoa, wala hayapo kwenye kifaa. Lee Shulman aliyatafutia mahali pake kwenye nadharia ya ualimu katikati ya miaka ya 1980: ni kujua namna wanafunzi wanavyolielewa vibaya somo fulani. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza upande wa teknolojia, wakisema mwalimu anahitaji mahali ambapo mambo matatu yanakutana: somo, ufundishaji na kifaa. Shuleni kwetu vipande hivyo vimetawanyika kwa umri. Mwenye kifaa ana miaka miwili kazini, mwenye uzoefu anakaribia kustaafu, na meza zao zimepakana bila kuzungumza zaidi ya salamu.

Na si kwamba mashine haiwezi kusaidia hapo. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton, Marekani, walichapisha kazi juu ya programu iliyoitwa BUGGY. Ilijifanya mwanafunzi mwenye kosa la siri kwenye kutoa, na walimu wanafunzi walipaswa kuipa hesabu mpaka waligundue kosa ni lipi. Kompyuta ilitumika kumfundisha mwalimu kijana jicho la mwalimu mzee, kwenye miaka ambayo mashine zenyewe zilikuwa kubwa kama makabati. Sijaelewa kwa nini wazo hilo halipo kwenye kila chuo cha ualimu leo, wakati simu ya kawaida ingelibeba bila jasho.

Tukihama hesabu twende kwenye kupima ukweli wa taarifa, wazee nao hawana la kujivunia. Ni kawaida kusikia kwamba vijana wanaamini kila kitu mtandaoni ilhali wakubwa wana busara. Watafiti waliochunguza matumizi ya Facebook Marekani wakati wa uchaguzi wa 2016 walikuta, kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2019, kwamba waliovuka miaka 65 walisambaza habari kutoka tovuti za uongo karibu mara saba ya kundi la vijana zaidi. Yeyote aliye kwenye kundi la ukoo amekwisha kuletewa dawa ya kitunguu saumu ya kutibu kila kitu, na aliyeileta hakuwa mtoto wa kidato cha pili.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifanya jaribio zuri juu ya jambo hili, wakalichapisha mwaka 2017. Waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho kinachochagua wanafunzi kwa ukali. Kazi mojawapo ilikuwa kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto, moja ya chama kikongwe chenye makumi ya maelfu ya wanachama, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga lakini chenye jina linalofanana na ukurasa nadhifu. Wanafunzi wengi walidanganyika. Wanahistoria, watu ambao kupima ushahidi ndiyo kazi yao, wengi waliyumba pia. Wahakiki hawakuyumba, na siri yao ilikuwa fupi: waliuacha ukurasa. Wenzao walisoma tovuti kwa makini kutoka juu mpaka chini, wakiangalia nembo, marejeo na lugha. Mhakiki alitupa jicho, akafungua dirisha jingine, akatafuta wengine wanasemaje kuhusu wenye tovuti hiyo, ndipo akarudi.

Tabia hiyo inafundishika kwa mtu yeyote ndani ya vipindi vichache. Ila mwalimu mzee alilelewa kuheshimu maandishi kwa kuyasoma yote, na kijana amelelewa na mtiririko wa video ambao kusudi lake ni asitoke nje. Kila mmoja ana la kuacha, na lake si la mwenzake.

Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na mpangilio wote ukavurugika. Mpaka hapo tofauti ilikuwa nani anajua kubonyeza. Programu hii haina cha kubonyeza; unaiandikia kama unavyomwandikia mtu, hata kwa Kiswahili, na mwalimu wa miaka 58 anayejua kuuliza swali zuri anapata jibu zuri kuliko kijana anayebandika swali la mtihani kama lilivyo. Kwa mara ya kwanza, ujuzi wa lugha na wa somo unalipa kuliko wepesi wa kidole. Lakini insha za nyumbani zimeanza kurudi zikiwa safi kupita kiasi, bila kosa hata moja, kutoka kwa watoto ambao mwalimu anaufahamu mwandiko wao wa Kiingereza.

Baadhi ya vyuo wamekimbilia programu za kunasa maandishi ya akili mnemba. Hapa sisi tuwe waangalifu kuliko wengine. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walizipima programu kadhaa za aina hiyo kwa insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Kisa ni kwamba mtu anayeandika lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizozoeleka, jambo ambalo programu inalitafsiri kama alama ya mashine. Hao ndio wanafunzi wetu karibu wote, kuanzia kidato cha kwanza.

Walimu wakubwa niliozungumza nao wanapendekeza kitu ambacho wenzao vijana wanakiona cha kizamani: mwite mwanafunzi mezani, afunge daftari, aeleze alichoandika. Aliyepitia chuo cha Kurani hataona geni lolote, maana huko mtoto hakuhesabiwa kuwa amejua mpaka mwalimu amemsikiliza akisoma mwenyewe. Kikwazo ni hesabu. Darasa la wanafunzi 90, dakika tano kwa kila mmoja, ni dakika 450, saa saba na nusu za kusikiliza insha moja, na mwalimu huyo ana mikondo mitatu. Mmoja wao, mwalimu wa historia, amepunguza makali kwa kushirikiana na kijana wa TEHAMA wa shule hiyohiyo. Kijana anaendesha orodha ya majina kwenye jedwali linalochagua wanafunzi wanane kwa bahati nasibu kila Ijumaa asubuhi. Mwalimu wa historia anawasikiliza hao wanane tu, mbele ya darasa, kwa maswali mawili mawili. Majina hayatangazwi kabla, na aliyekwisha kuitwa anaweza kuangukiwa tena wiki ijayo, kwa hiyo Alhamisi usiku hakuna mwenye uhakika kwamba zamu yake imepita.